Mionzi kwa Saratani ya Jicho: Mwongozo wa Mgonjwa na Anayemuuguza

Mtu anapoambiwa kwamba jicho lake, au la mwanawe, lina saratani na kwamba litatibiwa kwa mionzi, mara nyingi hubaki na maneno hayo mawili tu kichwani, na mengine yote aliyoelezwa na daktari humpita. Hakuna aibu katika hilo. Hata hivyo, katika ugonjwa huu neno mionzi halina maana moja. Linaweza kuwa kisahani kidogo kinachoshonwa juu ya jicho kwa siku chache kisha kikatolewa; linaweza kuwa wiki tano za kulazwa chini ya mashine kubwa kila siku ya kazi; linaweza kuwa vipindi vinne vya protoni katika nchi ya mbali. Maandalizi, gharama na matokeo ya kila njia ni tofauti, na familia iliyojiandaa kwa njia moja huku imepangiwa nyingine huhangaika bila sababu. Mwongozo huu unaifuata safari hiyo kama mgonjwa mwenyewe anavyoipitia.

Hatua ya kwanza: lijue jina la ugonjwa

Jicho ni kiungo kidogo, lakini saratani zinazolipata hazifanani. Mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye saratani ndani ya jicho karibu kila mara huwa na retinoblastoma, inayoota kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mzazi huiona kwanza kama weupe ndani ya mboni, hasa kwenye picha iliyopigwa kwa simu yenye taa, au kama kengeza ambalo halikuwapo. Kwa watu wazima wa Afrika Mashariki, inayoonekana zaidi ni saratani ya utando laini unaofunika weupe wa jicho. Huanza kama kinyama pembeni mwa duara la kahawia, hufanana sana na kile kinyama cha kawaida ambacho wengi wanacho, na inahusiana na jua kali pamoja na maambukizi ya VVU. Watu wenye ngozi nyeupe hupata zaidi melanoma ya ndani ya jicho, yaani saratani ya chembe zinazotengeneza rangi, ambayo kwa watu weusi ni nadra, ingawa hutokea. Zipo pia limfoma, yaani saratani za chembe za kinga ya mwili, zinazoota kwenye tundu la jicho au kwenye kope, na zipo saratani zilizosafiri kutoka kwenye titi au pafu zikatua ndani ya jicho.

Jina hilo ndilo linaloamua kama mionzi inahitajika na inahitajika lini. Katika melanoma ya ndani ya jicho, mionzi ndiyo tiba kuu. Katika saratani ya utando wa nje, tiba kuu ni upasuaji, na jaribio la kitabibu lililofanyika Kenya na kuchapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba kutumia matone ya dawa iitwayo 5-fluorourasili baada ya upasuaji hupunguza sana kurudi kwa ugonjwa: katika mwaka mmoja ulirudi kwa takriban asilimia 11 ya waliotumia dawa, na asilimia 36 ya waliopewa matone yasiyo na dawa. Kwa hiyo mgonjwa wa aina hii ambaye ugonjwa wake bado ni mdogo, na ambaye ameelekezwa moja kwa moja kwenye mionzi, ana haki ya kuuliza kwa nini. Mionzi huingia pale ugonjwa unapokuwa umezama ndani au umefika kwenye tundu la jicho. Aidha, mgonjwa huyu apimwe VVU na, akikutwa navyo, aanze dawa, kwa sababu kinga ya mwili nayo ni sehemu ya tiba yake.

Jambo moja kuhusu retinoblastoma nalisisitiza. Jicho la mtoto linaloshukiwa kuwa na ugonjwa huu halichomwi sindano ili kutoa kipande cha kupeleka maabara, kama inavyofanywa kwa uvimbe wa sehemu nyingine za mwili, kwa sababu tundu la sindano linaweza kuwa njia ya chembe za saratani kutokea nje. Daktari bingwa huitambua kwa kuangalia ndani ya jicho mtoto akiwa amelazwa usingizi wa dawa, pamoja na ultrasaundi na, inapopatikana, MRI.

Hatua ya pili: uliza mionzi hii inakusudia kuokoa nini

Madaktari wa saratani ya jicho hupanga malengo yao kwa mfuatano ambao kila mgonjwa anapaswa kuujua: kwanza uhai, pili jicho lenyewe, tatu uwezo wa kuona. Uliza waziwazi, na uombe ujibiwe kwa kila lengo peke yake: je, mionzi hii inaokoa uhai wangu, au inaokoa jicho, au inaokoa kuona kwangu? Nimeweka swali hili mapema kwa sababu wengi huamini kwamba jicho likibaki mahali pake basi na kuona kutabaki, na hilo ndilo linalowaumiza zaidi baadaye.

Kwa melanoma jibu linajulikana vizuri. Utafiti mkubwa wa Amerika Kaskazini unaojulikana kwa kifupi COMS uliwagawa kwa kura wagonjwa 1,317 wenye uvimbe wa ukubwa wa kati, nusu wakaondolewa jicho na nusu wakawekewa kisahani cha iodini yenye mionzi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2001, na tena mwaka 2006 baada ya miaka 12 ya kuwafuatilia, yalionyesha kwamba idadi ya waliofariki katika makundi hayo mawili haikutofautiana. Maana yake ni kwamba aliyechagua kubaki na jicho lake hakuongeza hatari ya kufa, na aliyekubali jicho liondolewe hakujiongezea maisha. Lakini katika utafiti huohuo, karibu nusu ya macho yaliyotibiwa kwa kisahani yalikuwa yamepungukiwa sana na uwezo wa kuona ilipofika mwaka wa tatu. Jicho lililo karibu na kupofuka tayari, lenye uvimbe mkubwa na maumivu, linaweza kuwa jicho ambalo ni busara kuliondoa, na mgonjwa anayechagua hivyo asionwe kuwa amekata tamaa.

Kwa mtoto mwenye retinoblastoma iliyojaza jicho moja, kuondoa jicho hilo ndiko kunakookoa uhai, na mzazi asitafute mionzi kama njia ya kukwepa upasuaji. Najua uzito wa ombi hilo kwa mama na baba. Ugonjwa huu ukiwa bado ndani ya jicho, watoto wengi hupona. Ukishatoka kupitia neva ya jicho kuelekea kwenye ubongo, nafasi hiyo hupungua mno. Miezi inayopotea katika kuzunguka huku na huku kutafuta mtu atakayesema jicho litabaki ndiyo miezi ambayo saratani huitumia kutoka.

Kwa saratani iliyotoka kwenye titi au pafu, mionzi hulenga kuhifadhi kuona na kuondoa maumivu katika maisha yaliyopo, na kwa kawaida hutolewa kwa muda mfupi, kama vipindi 10 kwa wiki mbili. Limfoma nayo hukubali dozi ndogo.

Hatua ya tatu: vipimo na maandalizi

Kabla ya siku ya tiba, kipimo kinachobeba uzito mkubwa ni ultrasaundi ya jicho, kwa sababu unene wa uvimbe kwa milimita ndio unaoamua aina ya mionzi. Mwanafizikia wa tiba, ambaye mgonjwa huenda asikutane naye kamwe, hutumia vipimo hivyo pamoja na picha za retina kukokotoa saa ambazo mionzi itakaa. Mwenye melanoma hupimwa pia ini, kwa kuwa ndiko saratani hiyo hupenda kwenda.

Mweleze daktari dawa zote unazotumia, hasa za kuyeyusha damu, na usiache hata moja kabla hajasema. Mweleze kama una kisukari au shinikizo la damu, kwani magonjwa hayo huiumiza mishipa midogo ya retina na kuyafanya madhara ya mionzi kuwa makali zaidi. Kuyadhibiti kabla ya tiba ni kulilinda jicho. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa apimwe ujauzito. Dawa za miti shamba zinazotiwa jichoni, maji ya majani, asali na hata maziwa ya mama, zisitishwe zote, kwa kuwa jicho lenye maambukizi haliwezi kushonewa kisahani hadi litibiwe.

Swali la fedha liulizwe siku hizohizo. Bima, iwe NHIF kwa Tanzania au SHA kwa Kenya, huhitaji kibali kabla ya tiba, na nyaraka hizo huchukua muda. Kwa tiba ya mashine ya wiki nyingi, gharama inayozishinda familia nyingi ni nauli, chakula na mahali pa kulala mjini, ambazo haziandikwi kwenye fomu yoyote. Ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ndiyo ya kuendea kwanza, na iendewe kabla fedha hazijaisha.

Hatua ya nne: tiba ya kisahani

Wazo la kuweka chanzo cha mionzi juu ya jicho lenyewe lina karibu miaka mia moja. Mwishoni mwa miaka ya 1920 daktari Foster Moore wa London alipandikiza mbegu ndogo za radoni, gesi yenye mionzi, ndani ya uvimbe, na baada ya Vita Kuu ya Pili Henry Stallard, mkimbiaji aliyekuwa ameshinda medali ya shaba ya mita 1500 kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 1924, alitengeneza visahani vya kobalti vilivyopinda kufuata umbo la jicho. Kobalti ilichoma mbali mno, hata mifupa ya jirani. Siku hizi hutumika zaidi iodini-125 na ruthenia-106. Mionzi ya ruthenia haisafiri mbali, kwa hiyo hufaa uvimbe usiozidi takriban milimita tano au sita kwa unene. Iodini hufika ndani zaidi na huweza kutibu uvimbe wa karibu milimita 10.

Kisahani cha iodini ni kipande cha dhahabu chenye upana wa takriban milimita 12 hadi 22, kilichopinda kama kifuniko cha chupa, na mbegu za iodini hupangwa upande wa ndani. Dhahabu huzuia mionzi isirudi nyuma kuelekea kwenye ubongo na mifupa, na upande ulio wazi ndio unaouelekea uvimbe. Kisahani hakiingizwi ndani ya jicho: kinashonwa juu ya ule ukuta mweupe wa nje, mahali ambapo uvimbe upo upande wa pili wa ukuta.

Siku ya upasuaji mgonjwa hufika akiwa amefunga kula kama alivyoelekezwa, kisha hupewa nusukaputi au ganzi. Daktari hufungua utando laini wa jicho na kuangaza taa kupitia kwenye jicho ili kivuli cha uvimbe kionekane kwenye weupe, akakizungushia alama. Mara nyingi huanza na kisahani cha majaribio kisicho na mionzi, ili nyuzi na nafasi vihakikishwe bila haraka, kisha hushona kile chenyewe. Endapo msuli mmoja wa jicho unaziba njia, huachishwa kwa muda na kurudishwa baadaye. Ndiyo sababu baadhi ya wagonjwa huona vitu viwili viwili kwa wiki kadhaa.

Kisahani hukaa kwa siku zilizokokotolewa, kwa kawaida kati ya tatu na saba. Kipindi hicho jicho hufunikwa kwa ngao yenye madini ya risasi, na taratibu za kulazwa hutofautiana kati ya hospitali na hospitali: kwingine mgonjwa hukaa peke yake chumbani, kwingine huruhusiwa kwenda nyumbani kwa masharti. Kokote alipo, wajawazito na watoto wadogo wakae mbali naye, na wageni wengine wafupishe muda wao. Hili lieleweke vizuri ili lisizae unyanyapaa: mionzi hutoka kwenye kisahani tu. Machozi ya mgonjwa, jasho lake, mkojo wake, sahani aliyolia chakula na shuka aliyolalia havina mionzi hata kidogo. Kisahani kikishatolewa, mionzi yote imeondoka nacho, na mgonjwa anaweza kumkumbatia mjukuu wake jioni ileile.

Maumivu huwa ya kadiri, zaidi kama mchanga jichoni, na dawa za kawaida alizoandikiwa huyatuliza. Maumivu makali yanayoambatana na kutapika si ya kawaida na muuguzi aitwe. Mgonjwa asiinamishe kichwa, asinyanyue mzigo, asiliguse jicho. Kisahani hutolewa kwa upasuaji wa pili, mfupi kuliko wa kwanza. Baada ya hapo hufuata wiki kadhaa za matone ya kuzuia maambukizi na uvimbe, na tahadhari ya kutoingiza maji ya bomba, vumbi wala moshi jichoni.

Usitarajie kwamba uvimbe utatoweka. Hunywea polepole kwa miezi, na mara nyingi hubaki kovu lenye unene fulani maisha yote. Daktari anapopima na kukuta milimita saba zimekuwa tano baada ya mwaka, hiyo ni habari njema. Katika utafiti wa COMS, ugonjwa ulishindwa kudhibitiwa mahali pake kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi ndani ya miaka mitano.

Protoni

Uvimbe ulio karibu sana na neva ya jicho, au mnene kupita uwezo wa kisahani, unaweza kutibiwa kwa protoni, chembe ambazo hutua kwenye kina kilichopangwa na kuishia hapo. Tiba hii kwa macho ilianza Boston mwaka 1975, Uswisi mwaka 1984, na Clatterbridge, Uingereza, mwaka 1989. Msomaji aliyeko Uingereza hupitia kwanza kwenye vituo maalumu vya London, Liverpool, Sheffield au Glasgow. Daktari hushona vipande vidogo vya metali iitwayo tantali kwenye ukuta wa jicho ili viwe alama, na baadaye mgonjwa huketi kwenye kiti, kichwa kikiwa kimeshikiliwa na barakoa na kipande cha kuuma kwa meno, akakazia macho taa ndogo inayometa. Kwa kawaida ni vipindi vinne kwa siku nne. Anayefikiria kuuza shamba ili asafirie tiba hii apate kwanza barua ya daktari bingwa inayosema kwa nini kisahani hakifai kwake.

Hatua ya tano: mashine ya nje kwa mtoto

Kwa familia nyingi za Tanzania, Kenya na Uganda, njia watakayokutana nayo ni hii, ambayo hutolewa katika vituo kama Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, Hospitali ya Taifa Kenyatta jijini Nairobi na Taasisi ya Saratani ya Uganda jijini Kampala.

Zamani mionzi ya nje ilikuwa tiba kuu ya kuokoa macho yenye retinoblastoma. Leo madaktari huiepuka kadiri wanavyoweza, na sababu yake mzazi anastahili kuielewa. Watoto wapatao wanne kati ya kumi wenye ugonjwa huu wana hitilafu katika jeni iitwayo RB1 kwenye kila chembe ya mwili, na wote wenye ugonjwa katika macho yote mawili wamo katika kundi hilo. Kwao, mionzi huongeza hatari ya kupata saratani nyingine miaka mingi baadaye, hasa ya mifupa na misuli ndani ya eneo lililopigwa mionzi, na hatari hiyo huwa kubwa zaidi kwa mtoto aliyepigwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Ndiyo maana siku hizi hutangulizwa dawa za kemotherapia, leza na kuugandisha uvimbe kwa baridi kali, au upasuaji. Mionzi hubakizwa kwa ajili ya mtoto ambaye ugonjwa umetoka nje ya jicho, au ambaye baada ya jicho kuondolewa maabara imekuta saratani kwenye ncha ya neva iliyokatwa. Kwa mtoto huyo hatari ya kesho ni ndogo kuliko hatari ya leo, na mzazi anayesikia habari za saratani ya pili asiikimbie tiba inayomwokoa mwanawe sasa.

Dozi ya kawaida kwenye tundu la jicho ni grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 40 hadi 45, zinazogawanywa kidogo kidogo kwa siku tano za wiki, hivyo tiba huchukua wiki nne hadi tano. Kwanza hutengenezwa barakoa ya plastiki inayolainishwa kwa maji ya moto na kuwekwa usoni ikiwa vuguvugu ili ichukue umbo la uso. Kisha hupigwa CT-skani ya kupangia mionzi, na hupita siku kadhaa kabla ya kuanza. Kipindi chenyewe ni cha dakika chache, hakiumi, na mtoto anapotoka chumbani hana mionzi mwilini. Mama anaweza kumnyonyesha papo hapo.

Ugumu ni kwamba mtoto mdogo hawezi kutulia, kwa hiyo hulazwa kwa dawa ya usingizi kila siku. Kwa kawaida hataruhusiwa chakula kigumu wala uji kwa saa sita kabla, maziwa ya mama kwa saa nne, na maji matupu kwa saa mbili, ila fuata saa alizoandika daktari wa usingizi wa hospitali yako. Omba mtoto awekwe mwanzoni mwa ratiba ya asubuhi. Anayemuuguza abebe chakula cha mtoto tayari, kwa sababu akiamka atakuwa na njaa kali, na ajihadhari na ndugu mwenye huruma anayempa mtoto biskuti saa moja kabla: kipindi cha siku hiyo kitaahirishwa. Mtoto mwenye homa au kikohozi aletwe hospitalini vilevile, uamuzi ukaachwe kwa madaktari.

Vipindi visikatizwe. Saratani hutumia siku za mapumziko kuota upya, na kipindi kilichokosekana hakifidiwi kwa kuongeza dozi ya kesho kiholela. Mashine nazo huharibika. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda iliharibika kabisa na wagonjwa wakabaki bila huduma hiyo nchini mwao. Siku ya kwanza uliza mashine ikisimama utapelekwa wapi, na uchukue namba ya simu ya kitengo.

Ngozi ya eneo la tiba huwa nyeusi zaidi, hukauka na huweza kuchubuka baada ya wiki ya pili au ya tatu. Ioshwe kwa maji ya uvuguvugu bila kusuguliwa, isipakwe mafuta ya nazi, vaselini wala dawa yoyote ambayo kitengo hakikuiruhusu, na ifunikwe kwa kofia pana mtoto anapotoka juani. Kope na nyusi zinaweza kunyonyoka. Mfupa wa tundu la jicho hukua polepole kuliko wa upande wa pili, na mtoto anapofika umri wa shule uso unaweza kuonekana haulingani. Jicho la bandia linalobadilishwa kadiri anavyokua husaidia kiasi.

Hatua ya sita: miezi na miaka baada ya mionzi

Madhara ya mionzi kwa jicho huja kwa kuchelewa, na hapo ndipo wagonjwa wengi huacha kliniki, kwa kuwa wanajisikia wamepona. Kati ya mwezi wa sita na mwaka wa tatu, mishipa midogo ya retina huweza kuanza kuvuja na kuona kukapungua; ikigunduliwa mapema, sindano za dawa kama bevasizumabu hupunguza uharibifu huo. Mtoto wa jicho huja pia, na huweza kupasuliwa kama mwingine wowote baada ya daktari wa saratani kukubali. Jicho linaloanza kuwa jekundu na kuuma sana, pamoja na kichwa, huenda presha yake imepanda, na hilo lionwe siku hiyohiyo. Ukavu wa jicho ndio unaosumbua kila siku. Matone ya machozi ya bandia yatumike mara kwa mara hata kama hakuna dalili.

Mwenye melanoma aendelee kupimwa ini, mara nyingi kila miezi sita, kwa miaka mingi. Takriban nusu ya wagonjwa wa ugonjwa huu hatimaye hupata saratani iliyosambaa, wengine zaidi ya miaka 10 baada ya jicho kutibiwa vizuri, na mionzi ya jicho haina uwezo juu ya chembe zilizokwisha kusafiri. Mgonjwa aliyebaki na jicho moja linaloona apewe miwani ya kinga yenye lenzi ngumu, awe anahitaji miwani ya kusomea au la, na aivae anapolima, anapopasua kuni au anapopanda bodaboda.

Tengeneza bahasha moja na uitunze pamoja na vyeti vya nyumbani. Ndani yake iwepo karatasi yenye jina la saratani, jicho lililotibiwa, aina ya mionzi, dozi kwa grei, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na majibu ya maabara. Kwa mtoto wa retinoblastoma, ongeza matokeo ya kipimo cha jeni kama kilifanyika, na maelekezo kwamba CT-skani na eksirei zisipigwe bila sababu ya lazima, itumike ultrasaundi au MRI inapowezekana. Ndugu zake wadogo wapimwe macho pia. Na kama ana hitilafu ya RB1, bahasha hiyo akabidhiwe mwenyewe atakapokuwa mtu mzima: kila mtoto atakayemzaa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi, na anapaswa kuangaliwa macho na daktari bingwa ndani ya wiki za kwanza baada ya kuzaliwa, kabla weupe wowote haujaonekana.